Wastani wa 3.9 na bado nimekataliwa kuhamia chuo cha ushindani kusoma kompyuta: tatizo ni nini hasa?

#1 NusuBaiti
Wadau, salaam.

Ninasoma mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha umma nchini Marekani, chuo ambacho humpokea karibu kila anayeomba, na mwaka huu niliomba kuhamia vyuo vinne vyenye ushindani mkubwa ili nikamalizie huko shahada ya sayansi ya kompyuta. Wastani wangu ni 3.9 katika kipimo cha 4. Majibu yamekamilika wiki hii: vitatu vimenikataa, na cha nne kimenikubali kwa fani ya hisabati badala ya kompyuta. Kinachoniuma zaidi ni kwamba rafiki yangu mwenye wastani wa 3.6 amepokelewa na kimojawapo cha vile vilivyonikataa, ingawa yeye aliomba historia.

Nimeanza kuamini kwamba kwa mwanafunzi anayehama alama hazina uzito wowote, na kwamba uamuzi hufanywa kwa vigezo ambavyo hatuambiwi. Anayeelewa jinsi mchujo huu unavyoendeshwa anieleweshe. Pia nishaurini: nikubali hisabati, nibaki nilipo, au niombe upya mwakani?

#2 Pwagu wa Kodi
Mkuu, umeuliza swali na kulijibu katika aya moja. Rafiki yako ameomba historia, ambako viti vinasubiri watu, nawe umeomba kompyuta, ambako watu wanasubiri viti.

#3 Mzee wa Silabasi
Kabla hatujatafuta vigezo vya siri, mleta mada atuwekee hapa orodha ya masomo aliyokwisha kuyafaulu. Nimewasaidia vijana kadhaa kujaza maombi ya aina hii, na kosa ninalolikuta mara nyingi ni la mtu kudhani kwamba anayehama hupimwa kama anayetoka sekondari. Wa sekondari hupimwa kwa kile anachoweza kuja kuwa, lakini wewe unaomba kuingia mwaka wa tatu, na idara inataka kujua kama ukiingizwa darasani Septemba utaweza kukaa karibu na wale walioanza hapo miaka miwili iliyopita bila kuachwa nyuma.

Kwa kompyuta, hiyo humaanisha kalkulasi yote mpaka ya vigeu vingi, aljebra ya mistari, hisabati za diskriti (mantiki, seti, uthibitisho, kuhesabu), uandishi wa programu, miundo ya data, na mara nyingi somo la namna mashine yenyewe inavyofanya kazi chini ya programu. Mtu mwenye 3.9 aliyekosa mawili kati ya hayo husomwa baada ya mwenye 3.7 aliyeyamaliza yote, na pengine hasomwi kabisa.

#4 NusuBaiti
Nashukuru, Mzee. Nimemaliza kalkulasi ya kwanza na ya pili, utangulizi wa programu kwa Python, hifadhidata, utengenezaji wa tovuti, takwimu, na masomo ya jumla ya chuo. Miundo ya data ninaisoma muhula huu. Hisabati za diskriti chuoni kwetu hufundishwa mwaka wa tatu, hivyo sijaigusa, na aljebra ya mistari kwetu si ya lazima kwa watu wa kompyuta.

#5 Mzee wa Silabasi
Basi kwangu mimi fumbo limekwisha. Hifadhidata na tovuti ni masomo mazuri, lakini kule unakokwenda hayafungui mlango wowote. Pia angalia lugha ya programu: UCLA masomo ya mwanzo hufundishwa kwa C++, na Berkeley (zote mbili ni kampasi za Chuo Kikuu cha California) somo la miundo ya data hufundishwa kwa Java baada ya lile la kwanza linaloegemea Python. Mtu anaweza kufaulu miundo ya data vizuri kabisa na akaambiwa arudie kwa sababu ya lugha aliyoitumia.

#6 Bi Mkondo
Namheshimu Mzee, lakini fumbo halijaisha. Ninawajua waliokuwa na kila somo katika orodha hiyo na bado wakakataliwa. Chanzo kikubwa ni uhaba wa nafasi, na uhaba huo unatokana na walimu. Mwenye shahada ya uzamivu ya kompyuta huitwa na kampuni kwa mshahara ambao chuo hakiwezi kuufikia, kwa hiyo idara haikui kwa kasi ya waombaji hata kama chuo kina fedha ya kujenga madarasa mapya.

Wala si jambo la kizazi hiki. Katikati ya miaka ya 1980 wimbi la waombaji lilizifanya idara nyingi za Marekani kuweka masharti ya kuingia, kisha wimbi likapungua. Likaja jingine mwishoni mwa miaka ya 1990, nalo likavunjika baada ya kampuni za intaneti kuanguka. Hili tulilo nalo limeanza kupanda tena baada ya 2010. Kila wimbi likija, mlango wa kwanza kufungwa ni wa wanaohama, kwa kuwa idara huwajibika kwanza kwa wanafunzi iliowadahili yenyewe.

#7 Kipanga Mpole
Naomba kusahihisha kidogo. Maelezo ya Bi Mkondo yanavifaa vyuo vinavyodahili kwa fani. MIT na Stanford havimdahili mtu kwa fani. Mwanafunzi huingia chuoni, kisha huitaja fani yake baadaye, na anayetaka kompyuta haulizwi kama idara ina kiti. Kama uhaba wa walimu wa kompyuta ndio sababu, kuhamia huko kungekuwa rahisi, lakini ni kugumu zaidi kuliko karibu kila mahali.

Mimi naona sababu ni nyepesi zaidi. Nafasi ya anayehama hutokea pale mwanafunzi wa ndani anapoondoka, na katika vyuo hivyo hakuna anayeondoka. Princeton ilisimamisha kabisa upokeaji wa wanaohama mwaka 1990 na ikaurudisha mwaka 2018, na hata ilipourudisha ilisema inawalenga zaidi waliotumikia jeshi, wa vyuo vya jamii (vile vya umma vya miaka miwili) na wa familia zenye kipato kidogo. Sasa mtu wa chuo kikuu cha umma mwenye 3.9, asiye katika kundi lolote kati ya hayo, anagombea kilichobaki baada ya mabaki.

#8 Pwagu wa Kodi
Kilichobaki baada ya mabaki. Hiyo nitaitumia katika insha yangu ya maombi.

#9 Msafiri wa Robo Muhula
Mimi nilipitia California, na nashangaa hakuna aliyeitaja, maana ndiko ambako kuhama kumewekewa mfumo rasmi. Mpango Mkuu wa mwaka 1960 uliligawa jimbo katika ngazi tatu: Chuo Kikuu cha California kiwachukue walio katika thumni ya juu ya wahitimu wa sekondari, vyuo vikuu vya jimbo viwachukue walio katika theluthi ya juu, na vyuo vya jamii viwe wazi kwa wote, kwa makubaliano kwamba aliyeanzia chini aweze kupanda baada ya miaka miwili. Hadi leo, zaidi ya asilimia 90 ya wanaohamia UCLA hutoka vyuo vya jamii vya jimbo hilo hilo. Kuna hata tovuti ya umma, ASSIST, inayoonyesha somo kwa somo ni lipi la chuo cha jamii linalolingana na lipi la chuo kikuu.

Kwa hiyo, NusuBaiti, kama mojawapo ya vyuo vyako ni vya huko, hukushindwa kwa alama. Ulisimama kwenye foleni isiyo yako.

#10 NusuBaiti
Viwili kati ya vinne ni vya huko. Kwa hiyo mnaniambia kwamba ningeanzia chuo cha jamii, ambacho ndugu zangu wangekiona ni kushuka, ningekuwa na nafasi kubwa kuliko niliyokuwa nayo nikitokea chuo kikuu?

#11 Msafiri wa Robo Muhula
Ndiyo. Inashangaza lakini ndivyo ilivyo. Kampasi sita za Chuo Kikuu cha California humpa mtu wa chuo cha jamii cha jimbo hilo udahili wa uhakika akitimiza masharti: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz.

#12 Hesabu Haidanganyi
Samahani, bandiko namba 11 litawapoteza watu. Udahili huo wa uhakika haupo Berkeley, UCLA wala San Diego, na hata katika hizo sita baadhi huiondoa sayansi ya kompyuta katika mpango. Mtu anasoma miaka miwili akiamini ana uhakika mkononi, kumbe uhakika huo ni wa uchumi au biolojia. Kila mtu asome masharti ya fani yake kwa mwaka wake, kwa sababu hubadilika.

Kwa UCLA, kiwango cha jumla cha kuwapokea wanaohama ni karibu robo ya waombaji, lakini ukiitenga kompyuta peke yake hushuka chini ya asilimia 10. Anayetaja hiyo robo bila kutaja fani anauza ndoto.

#13 Msafiri wa Robo Muhula
Nakubali sahihisho, na mimi mwenyewe niliingia kwa fani ya takwimu. Sikuuza ndoto, niliinunua.

#14 Dada wa Tatu Bora
Niwape kisa changu, kwa kuwa nilikataliwa na chuo kile kile mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na masomo pungufu, kama mleta mada. Mara ya pili masomo yote yalikuwepo, wastani ulikuwa juu zaidi, na jibu likawa lile lile. Mwaka huo wa pili niliomba pia chuo kingine chenye ushindani wa kiwango hicho hicho, nikapokelewa kwa kompyuta. Nilipozilinganisha insha mbili nilizoandika, ile iliyokataliwa ilikuwa imejaa sifa za chuo nilichokiomba: maprofesa wake mashuhuri, nafasi yake katika orodha za ubora, wahitimu wake walioanzisha kampuni. Ile iliyokubaliwa ilieleza kwamba nilikuwa nimeandika kikusanyaji kidogo cha lugha ya programu (yaani programu inayotafsiri msimbo ili mashine iuelewe), kwamba nilikwama katika sehemu ya kuhakiki aina za data, na kwamba chuoni kwangu hapakuwa na somo la nadharia ya lugha za programu wala mwalimu wa kuniongoza, wakati kule yalikuwepo masomo mawili.

Ninaamini wasomaji wa maombi humuuliza anayehama swali moja: unakosa nini hapo ulipo ambacho sisi tunacho? Anayejibu "jina" hajajibu.

#15 Kipanga Mpole
Dada, kisa chako ni kizuri lakini hakithibitishi insha. Vyuo viwili, wasomaji tofauti, idadi tofauti ya viti. Yawezekana insha ile ile mbaya ingepokelewa na chuo cha pili. Aidha, maombi ya Chuo Kikuu cha California hayana barua za mapendekezo kwa wanaohama, na maswali yake mafupi hutumwa kwa kampasi zote kwa pamoja, kwa hiyo huko hakuna hata nafasi ya kukisifu chuo kimoja. Bado waombaji wa kompyuta hukataliwa kwa wingi.

#16 Dada wa Tatu Bora
Sikusema inathibitisha. Nilisema ninaamini. Wewe nawe huna ushahidi kwamba viti ndivyo vilivyoninyima mara mbili.

#17 Mwalimu wa Zamu
Mmezungumzia kuingia tu, wala hakuna aliyezungumzia gharama ya kuingia. Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali ya Marekani ilitoa ripoti mwaka 2017 iliyoonyesha kwamba wanaohama walipoteza kwa makadirio asilimia 43 ya krediti zao, yaani vipimo vya masomo waliyokwisha kuyafaulu. Mtu anafurahia barua ya kukubaliwa, kisha Agosti anagundua kwamba amerudishwa nyuma mwaka mzima. Harvard, kwa mfano, inamtaka anayehamia asome hapo miaka miwili kamili, hata angefika na krediti za kujaza gunia.

#18 Hesabu Haidanganyi
Takwimu ni sahihi ila imekatwa. Hiyo 43 ni wastani wa kila aina ya uhamaji, wakiwemo waliotoka vyuo vya binafsi vinavyoendeshwa kwa faida ambavyo krediti zake nyingi hazikutambuliwa. Kati ya chuo cha umma na chuo cha umma makadirio yalikuwa asilimia 37, na wanafunzi waliochunguzwa walihama kati ya 2004 na 2009.

#19 Mwalimu wa Zamu
Asante kwa kuongeza. Hata hiyo 37 ni zaidi ya theluthi.

#20 Ukoo wa Vyuma
Mimi nauliza swali la kichokozi: kwa nini uhame? Watafiti Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha utafiti mwaka 2002 wakiwalinganisha watu waliokubaliwa na vyuo vya aina moja, ambao baadhi yao walichagua kwenda kwenye vile visivyo vya ushindani mkali. Baadaye vipato vyao vilikaribiana sana, isipokuwa kwa waliotoka familia za kipato cha chini, ambao ndio walioonekana kunufaika na chuo cha ushindani. Msimbo wa programu hauulizi umesoma wapi. Unafanya kazi au haufanyi.

#21 Bi Mkondo
Msimbo hauulizi, lakini anayekuita kwenye usaili anauliza. Raj Chetty, David Deming na John Friedman walilirudia swali hilo mwaka 2023 kwa kuwafuatilia waliokuwa kwenye orodha za kusubiri za vyuo vya juu kabisa. Kipato cha wastani hakikubadilika sana, kama ulivyosema. Kilichoongezeka kwa kiasi kikubwa ni uwezekano wa kufika kileleni kabisa mwa kipato, na wa kuajiriwa na kampuni zenye hadhi. Kwa hiyo jibu linategemea kama mtu anautafuta wastani au kilele.

#22 Hesabu Haidanganyi
Nanyi wawili mnalijibu swali ambalo mleta mada hakuliuliza. Utafiti wote wawili ni wa walioingia mwaka wa kwanza, na ule wa Dale na Krueger ulianza na walioingia chuo mwaka 1976. Anayehama hukaa miaka miwili, hufika wakati urafiki umeshafungwa na nafasi za kumsaidia mwalimu katika utafiti zimeshagawanywa, na mara nyingi hana muda wa kupata mafunzo kazini zaidi ya likizo moja ndefu. Huwezi kumpa faida za miaka minne.

#23 Ukoo wa Vyuma
Hapo umenisaidia mimi zaidi kuliko Bi Mkondo.

#24 Bi Mkondo
Wala hakukusaidia. Alisema hatujui, nawe umesikia "huna hoja".

#25 Mzee wa Silabasi
Turudi kwa kijana, maana ana barua ya hisabati mkononi na siku za kujibu zinahesabika.

NusuBaiti, usikubali hisabati kwa matumaini ya kujipenyeza kompyuta ukishaingia, mpaka uwe umesoma sheria ya kubadili fani ya chuo hicho kwa macho yako. Njia hiyo ilikuwepo kweli. Pale Berkeley, kwa miaka mingi, aliyeingia Kitivo cha Fasihi na Sayansi aliweza kuitaja kompyuta kuwa fani yake akipata wastani wa 3.3 katika masomo matatu ya mwanzo. Kuanzia kundi la mwaka 2023, nafasi hutolewa hasa kwa walioitaja katika maombi, na aliyeko ndani akiitaka hupitia mchujo mwingine. Chuo Kikuu cha Washington nacho huwachukua wengi wa wanafunzi wake wa kompyuta moja kwa moja kutoka sekondari. Vyuo vimejifunza kwamba watu hupitia dirishani, navyo vimeweka nondo.

Upande wa pili wa shilingi, hisabati si adhabu. Ukiingia kwa hisabati na chuo kikakuruhusu kusoma algoriti, mifumo ya uendeshaji na ujifunzaji wa mashine bila kuwa na fani ya kompyuta, utatoka na elimu ile ile chini ya jina jingine. Swali la kumwandikia msajili ni hilo: je, masomo hayo yako wazi kwa mtu wa hisabati, au wa kompyuta hujiandikisha kwanza na wengine hupewa yaliyosalia?

#26 Msafiri wa Robo Muhula
Ninathibitisha hilo la mwisho kwa uchungu. Kama mtu wa takwimu nilikuwa na haki ya kusoma somo la ujifunzaji wa mashine, na kwa mihula mitatu mfululizo haki hiyo ilibaki kwenye orodha ya kusubiri.

#27 Nanga Nyepesi
Kama mleta mada yuko kwa viza ya mwanafunzi, aangalie na msimbo wa fani kwenye fomu yake ya I-20, ile ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni kwa ajili ya viza. Baada ya kuhitimu, ruhusa ya kufanya kazi ni miezi 12, na fani za sayansi na teknolojia zilizoorodheshwa huongezewa 24. Kompyuta imo na hisabati imo, kwa hiyo hapo hapotezi kitu. Lakini kuna mchepuo wa mifumo ya habari uliowekwa chini ya biashara ambao katika vyuo vingine haumo. Pia chuo anachotoka ndicho kinachoachilia rekodi yake ya uhamiaji kwenda chuo kipya, kwa hiyo asijiondoe kabla tarehe ya kuachilia haijakubaliwa. Na aulize habari ya ufadhili mapema, kwa kuwa baadhi ya vyuo vinavyowasaidia wageni wanaoingia mwaka wa kwanza havifanyi hivyo kwa wanaohama.

#28 Pwagu wa Kodi
Mbona hajafikiria Uingereza?

#29 Nanga Nyepesi
Oxford haimpokei mtu kuingia katikati ya shahada. Angeanza mwaka wa kwanza upya, na asingekuwa anahama tena.

#30 NusuBaiti
Nawashukuru nyote. Nimemwandikia msajili swali la Mzee neno kwa neno. Amejibu kwamba wanafunzi wa kompyuta hujiandikisha siku tano kabla ya wengine, na kwamba mifumo ya uendeshaji hujaa siku ya pili. Hapo hapo mshauri wa idara ya hisabati ameniandikia kwamba kila mwaka "wachache" wa kwao huingia katika somo hilo, ila hakutaja idadi.

Chuoni kwangu nimeomba ruhusa ya kusoma hisabati za diskriti na aljebra ya mistari kipindi cha likizo, ili kama nitaomba tena Novemba na Machi niwe nayo yote. Nimekubaliwa ya kwanza. Ya pili haifundishwi likizoni.

#31 Mzee wa Silabasi
Chuo cha jamii cha karibu yako huenda kikaifundisha mtandaoni. Kabla hujajiandikisha, iulize ofisi ya udahili ya huko unakokwenda kama wataitambua, na uombe jibu kwa maandishi.

#32 Kipanga Mpole
Na kama ataambiwa masomo yote yametimia lakini viti hakuna?

#33 Dada wa Tatu Bora
Ataandika insha nyingine, Kipanga. Kama mimi.

#34 NusuBaiti
Siku ya mwisho ya kujibu kuhusu hisabati ni Ijumaa. Nimemwandikia tena yule mshauri nikimuuliza: wachache ni wangapi?